PHP: Wasifu wa Mtu Mmoja Ulivyozaa Lugha ya Tovuti

Rasmus Lerdorf alizaliwa Greenland mwaka 1968, na mwaka 1993 akahitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Mwaka uliofuata, wasifu wake ukiwa tayari kwenye intaneti, alitaka kujua ni nani wanaousoma. Akaandika programu ndogo ndogo kwa lugha ya C za kufuatilia wageni, akaziita Personal Home Page Tools. Juni 1995 alizitoa bure pamoja na msimbo wake. Hiyo ndiyo asili ya PHP, na namna ilivyojengwa inamfaa kila kijana anayejifunza kutengeneza tovuti.

Siku hizo ukurasa unaobadilika ulitegemea CGI: seva ikipokea ombi, inaamsha programu ya pembeni, programu inatoa HTML, kisha inazimika. Kwa C kazi hiyo ilichosha, maana HTML ilifungiwa ndani ya programu. Kubadili neno moja la kichwa cha ukurasa kulidai programu nzima ikompailiwe upya. Lerdorf aligeuza mpangilio huo. HTML aliiweka mbele, akapachika ndani yake amri fupi, na kazi nzito akaiachia C nyuma yake. Aliyejua HTML peke yake sasa aliweza kuongeza mstari mmoja na kuona matokeo papo hapo.

Nguzo ya kwanza ya PHP ni hiyo ya kuweka HTML mbele. Nguzo ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba kila ombi huanza upya. Ombi likijibiwa, vigeu vyote hufutwa na kumbukumbu huachiliwa. Ni kama sahani ya mama lishe: mteja akimaliza huoshwa, anayefuata hakuti mabaki. Kwa hiyo uzembe wa mwanaprogramu huishia katika ombi lile lile, na seva moja huweza kubeba tovuti za wateja wengi kwa bei nafuu. Cha kudumu huhifadhiwa kwingine, mara nyingi katika hifadhidata ya MySQL. Gharama yake ni kasi, kwani kwa kawaida faili zilisomwa na kutafsiriwa upya kila mara, hadi PHP 5.5 ya mwaka 2013 ilipokuja na OPcache, inayotunza tafsiri hiyo.

Urahisi huo uliacha pia mlango wazi. Kupitia register_globals, chochote mgeni alichoandika kwenye anwani ya ukurasa kiligeuka kigeu ndani ya programu. Mwanaprogramu akisahau kukipa kigeu cha “admin” thamani ya kuanzia, mgeni aliongeza “?admin=1” na kujipandisha cheo. Mpangilio huo ulizimwa kwa chaguo-msingi mwaka 2002, lakini haukuondolewa kabisa hadi mwaka 2012, katika PHP 5.4. Miaka 10 ilipita kwa sababu tovuti nyingi zilikwisha kuutegemea.

Lerdorf hakuing’ang’ania kazi yake. Andi Gutmans na Zeev Suraski, waliosoma Technion nchini Israel, waliandika upya kiini cha PHP, na PHP 3 ikatoka mwaka 1998. Juu ya msingi huo zilijengwa WordPress na MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia ya Kiswahili. Jukwaa la Ushahidi, lililozaliwa Kenya mwaka 2008, nalo lilisambazwa duniani likiwa limeandikwa kwa PHP.

Hukumu yangu ni hii: PHP haikushinda kwa uzuri wa sarufi yake. Ilishinda kwa kuwa rahisi kujifunza, nafuu kuendesha na huru kurekebishwa. Kijana unayeanza, chagua tatizo lako mwenyewe, litatue kwa msimbo mfupi, utoe wenzako waukosoe. Ila tangu mstari wa kwanza, usiamini chochote kinacholetwa na mgeni kabla ya kukikagua.