Neno "Kwa" katika Vipimo vya Joto

Ni machache maneno ya Kiswahili yatumikayo kila saa kama neno "kwa". Sokoni na nyumbani halimsumbui mtu. Walakini katika maandishi ya elimu ya joto neno hili limetwishwa mizigo miwili ipinganayo, na asomaye akichukua mmoja mahali pa mwingine, hesabu yake huharibika. Yafaa kosa hili lichunguzwe, kwa kuwa mara nyingi husingiziwa uchache wa maneno ya lugha, hali lugha yenyewe haina hatia.

Kwanza hapana budi kitu kipimwacho kieleweke. Joto lipitapo ukutani, au jua liangazapo bati, fundi hutaka kujua mambo matatu pamoja: joto ni kiasi gani, limepita katika eneo gani, na kwa muda gani. Katika Kiingereza jina la kipimo hicho lina neno ambalo mahali pengine hutumika kwa maana ya msongamano. Mfasiri afuataye neno kwa neno atasema "msongamano wa mtiririko wa joto", na msomaji atadhani kwamba joto limebanana mahali kama abiria garini. Hakuna kilichobanana. Neno la Kiingereza hapo halina maana zaidi ya kugawanya kwa eneo. Kadhalika "joto" lisichanganywe na "halijoto". Halijoto yaonyesha kitu kina moto kadiri gani, nalo joto ndilo litokalo katika kitu kimoja na kuingia katika kingine.

Vipimo vyenyewe ni vingi. Mafundi wa desturi ya Kiingereza walihesabu Btu katika saa na futi ya mraba. Wa Ulaya bara walihesabu kilokalori katika saa na mita ya mraba. Siku hizi kipimo cha kimataifa ni wati katika mita ya mraba. Btu moja ya namna hiyo ni sawa na wati 3.155, na kilokalori moja ni sawa na wati 1.163. Basi jua la adhuhuri, mbingu ikiwa safi, huleta wati 1000 hivi katika kila mita ya mraba, yaani kilokalori 860 au Btu 317 katika vipimo vile vya zamani. Jua ni lile lile. Kilichobadilika ni hesabu tu.

Sasa litazamwe neno "kwa". Mtu asemapo chumba ni "futi kumi kwa kumi", kila asikiaye huzidisha, akapata futi za mraba 100. Asemapo gari laenda "maili thelathini kwa saa", kila asikiaye hugawanya. Matumizi yote mawili ni Kiswahili safi, wala hayagombani maadamu kila moja li peke yake. Lakini mwanafunzi aonapo "Btu 317 kwa saa kwa futi ya mraba", ni nani amwambiaye afuate chumba au gari? Futi ya mraba ni mita za mraba 0.0929, na Btu moja katika saa ni wati 0.293. Akigawanya 0.293 kwa 0.0929 atapata karibu 3.155, na jua lake litakuwa wati 1000 kama ipasavyo. Akizidisha atapata 0.0272, na jua lote la adhuhuri litakuwa halifikii wati tisa. Kosa hilo ni la zaidi ya mara mia, na chombo cha kuchemshia maji kwa jua kilichopimwa kwa hesabu hiyo hakitamfaa mtu.

Kosa jingine limeenea zaidi. Umeme uuzwao majumbani husemwa mara nyingi kuwa ni "kilowati kwa saa". Kilowati ni juli 1000 katika kila sekunde, muda umekwisha kuingia ndani yake; na kipimo cha umeme uuzwao ni kilowati iliyozidishwa kwa saa, wala si iliyogawanywa. Yasomwe basi maneno haya: "kilowati tano kwa saa kwa mita ya mraba kwa siku", yaani kiasi cha jua ambacho ni cha kawaida katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. "Kwa" ya kwanza yazidisha, na mbili zifuatazo zagawanya, wala hapana alama ya kuzitenga. Aelewaye vema atagawanya 5000 kwa saa 24, apate wastani wa wati 208 katika kila mita ya mraba. Asiyeelewa atadhani ni wati 5000, na jua kwa wastani halifikishi hata 1400 nje ya angahewa ya dunia.

Wako watakaosema kwamba alama za hesabu zatosha, na maneno si kitu. Lakini alama nazo husomwa kwa sauti. Mwalimu husema kabla ya kuandika ubaoni, na fundi humwuliza mwenziwe kwa mdomo.

Dawa iko karibu. Penye kugawanya isemwe "kwa kila": Btu 317 kwa kila saa kwa kila futi ya mraba. Penye kuzidisha vipimo viunganishwe, kama "kilowati-saa". Hapo kiasi kile cha jua chasomeka "kilowati-saa tano kwa kila mita ya mraba kwa kila siku", na hata asiyejua elimu ya joto ataona pa kuzidisha na pa kugawanya. Maneno hayo si mapya. Mwuza samaki asemaye "shilingi mia kwa kila fungu" ayatumia kila siku, wala mnunuzi wake hakosei hesabu.