Mkondoa Juu ya Jiwe na Juu ya Kioo

Kati ya Kilosa na Gulwe, Reli ya Kati na mto Mkondoa hupita mlango mmoja. Milima imebana huku na huku, na bonde ni jembamba kiasi kwamba reli haina pa kukimbilia ila kando ya maji. Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode: stesheni zimefuatana jinsi mto ulivyojipinda. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipenya humo humo. Stanley alipita mwaka 1871 na akauandika mto kwa jina la Mukondokwa. Wajenzi wa reli walifuata njia ya wapagazi, na wapagazi walikuwa wamefuata mto.

Picha na ramani za kale za njia hii nimezitazama kwa miaka, lenzi ya kukuzia mkononi. Kila nikizirudia, kinachonishika ni ufundi wa waliozitengeneza, ambao ulikuwa wa taratibu mno.

Nianze na ramani. Huko Berlin, nyumba ya uchapaji ya Dietrich Reimer ilichapa ramani ya koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa kipimo cha 1:300,000. Kazi ilianza chini ya Richard Kiepert katika miaka ya 1890, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Satelaiti haikuwapo, wala picha za kutoka angani. Walichokuwa nacho mezani ni madaftari ya watu waliotembea kwa miguu: dira mkono mmoja, saa mkono wa pili, na kila njia ilipokata kona, andiko fupi la mwelekeo, dakika zilizopita, kijito kilichovukwa, kilima kilichoonekana kushoto. Mwinuko wa mahali walipima hata kwa kuchemsha maji, kwa sababu kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu nyuzi moja. Sufuria na kipimajoto vikatoa urefu wa mlima.

Sasa fikiria kazi ya mchoraji. Madaftari mawili ya njia moja hayakubaliani: huyu alitembea haraka asubuhi, yule alikuwa na homa, wa tatu alisubiri wapagazi wavuke. Ilibidi ayapime yote, ajue nani mwangalifu na nani mwepesi wa kukisia, kisha avute mstari mmoja. Tena mto wenyewe ulimtega. Maji yanayotoka upande wa Dodoma huitwa Kinyasungwe. Yakifika Kilosa ni Mkondoa. Yakishuka tambarare hadi baharini karibu na Saadani ni Wami. Msafiri mmoja amevuka juu, mwingine amevuka chini, na kila mmoja kaandika jina aliloambiwa na wenyeji wa pale. Je, ni mito mitatu au ni mmoja? Wenyeji walijua. Mchoraji ilimpasa asome dalili.

Na pale asipokuwa na ushahidi, alichora vistari vilivyokatikakatika. Mto ulioonwa ulipewa mstari mzima, na mto uliosikika tu ukapewa mkato. Alama hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika ramani hizi. Ni rahisi mno kwa mchoraji kuunganisha mstari ili ukurasa upendeze, na hakuna ambaye angemkamata. Hakuunganisha.

Kisha likaja jiwe. Ramani za aina hii zilichapwa kwa mawe laini ya chokaa, na yaliyosifika zaidi yalitoka Solnhofen, Bavaria. Unachora kwa wino wenye mafuta, unalowesha jiwe, wino wa kuchapia unashika penye mafuta na kukataa penye maji. Lakini ili karatasi isomeke sawasawa, jiweni kila kitu hugeuzwa. Neno Kilossa, kama Wajerumani walivyoliandika, lilianza kulia na kuishia kushoto, na Mkondoa, ambao huenda mashariki, jiweni ulikwenda magharibi. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake. Rangi ya mto ikiteleza kwa unywele mmoja, mto unapanda mlimani.

Ipo hila nyingine, na hii humpita msomaji bila kuiona. Kwa kipimo hicho sentimita moja ni kilomita tatu. Mstari wenye unene wa sehemu mbili za kumi za milimita unafunika mita 60 za ardhi, na tuta la reli halifiki hata robo yake. Sasa katika korongo la Mkondoa, ambako mahali pengine reli na mto vimetengana kwa makumi machache tu ya mita, vitachorwaje? Vikichorwa pale pale vilipo, vitalaliana. Kwa hiyo mchoraji husogeza kimoja kidogo, ili jicho lione ukweli ulio mkubwa zaidi: kwamba viko viwili, na kwamba reli iko upande huu wa maji na si ule. Ameupotosha umbali ili aseme kweli juu ya mpangilio. Kujua usogeze nini na kwa kiasi gani ndio ufundi wenyewe.

Reli yenyewe ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kampuni ya Philipp Holzmann, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwaka 1914. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni mita moja. Mataruma yalikuwa ya chuma, kwani ya mbao yangeliwa na mchwa.

Sasa nije kwenye picha. Mpiga picha wa zama hizo ninayemtazama zaidi ni Walther Dobbertin, ambaye mkusanyiko wake umo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Mwaka 2008 hifadhi hiyo iliziweka picha zake nyingi wazi kwenye intaneti, kwa hiyo leo hata aliye na simu anaweza kuzitafuta.

Kupiga picha kwa bamba la kioo ulikuwa mzigo. Kamera ilisimama juu ya miguu mitatu, na mpiga picha akajifunika kitambaa cheusi na kuiona dunia juu chini. Vioo vilikuwa vizito na vilivunjika. Shida kubwa ilikuja jioni, katika kusafisha picha. Utando ulioshika mwanga ulikuwa wa jelatini, na jelatini huvimba na kulegea maji yakiwa vuguvugu. Kwenye joto letu, picha iliyopigwa vizuri ingeweza kuteleza kutoka kwenye kioo kama ngozi ya maziwa. Ilibidi kungoja usiku, kutafuta maji ya baridi, na kuugandisha utando kwa shabu.

Ukiyajua hayo, utaisoma picha vingine. Anga ni nyeupe tupu, si kwa sababu siku ilikuwa na mawingu, bali kwa kuwa vioo vile vilipokea buluu kupita kiasi. Udongo mwekundu wa tuta unaonekana mweusi, kwani vioo hivyo vilikuwa vipofu kwa wekundu. Bamba likifunuliwa mwangani muda mrefu, maji yaendayo kasi hugeuka maziwa. Na katika kundi la vibarua, aliyetulia ana uso ulio wazi, wenye kila kunyanzi. Aliyegeuza kichwa amekuwa ukungu.

Mbele ya vibarua hao sifa zangu hupata uzito mwingine. Njia hii ilijengwa kwa mikono ya watu ambao wengi wao walitoka Unyamwezi, wakifanya kazi katika zama za kodi na kiboko. Ufundi wao umo katika picha, tena mbele kabisa. Majina yao hayamo. Maelezo hutaja daraja na mahali, mara nyingine kabila, basi.

Mto haukutulia baadaye. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, imechimbiwa mahandaki katika milima ya Kilosa. Anayetaka kujua Mkondoa umehama wapi na umejaza mchanga wapi katika miaka mia moja atazihitaji ramani zile zenye vistari na picha zile zenye anga nyeupe.

Nawe kama nyumbani kwenu ipo picha ya babu aliyefanya kazi relini, itoe kwenye sanduku leo. Muulize bibi au mjomba ni nani hao, ni stesheni gani, ni mwaka gani. Andika majina nyuma yake kwa penseli, bila kukandamiza, kwa maana wino hupenya mpaka usoni.