Kabla Hujalipia Gitaa

Mpigaji mzoefu akipewa gitaa bovu, muziki utatoka. Anajua uzi upi unachakacha na wapi pa kuukwepa. Anayeanza hana ujanja huo. Kidole kikimuuma anadhani ndivyo gitaa lilivyo. Sauti ikipotoka anadhani sikio lake ndilo zito, na mwezi wa pili gitaa limekuwa pambo la ukutani. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwanafunzi anahitaji gitaa lililokaguliwa kwa makini kuliko hata la mwalimu wake.

Aina ya gitaa itaamuliwa na muziki unaoupenda. Gitaa kavu, ambalo wazee wa dansi huliita galatoni, lina sampuli mbili zinazofanana kwa mbali. La nyuzi za nailoni lina shingo pana na sauti laini. Umbo lake la leo tunalo kutokana na kazi ya fundi Mhispania wa karne ya 19, Antonio de Torres. La nyuzi za chuma lina shingo nyembamba zaidi na sauti kali inayokwenda mbali. Ukitaka kujua gitaa kavu linaweza nini, msikilize Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya leo. Alikuwa akicharaza kwa kidole gumba na cha shahada, nawe utaapa kwamba wanapiga watu wawili.

Nyuzi za sampuli hizo mbili zisichanganywe kamwe. Seti nyepesi ya chuma huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70, ya nailoni kama kilo 40. Gitaa langu la kwanza lilikuwa la nailoni. Muuzaji mmoja akanipa nyuzi za chuma, akisema zitalia vizuri zaidi. Zililia kweli, wiki tatu. Jumapili moja mchana nikasikia chumbani mlio kama wa tawi kavu linalovunjika. Nilikuta daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi mwilini, limebanduka, limeondoka na vibanzi vya ubao wa mbele, na nyuzi zimejikunja juu ya kitanda.

Gitaa la umeme huwa na mwili wa mbao nzito, na sumaku zilizo chini ya nyuzi hupeleka sauti kwenye amplifaya. Wengi huambiwa ni lazima waanzie kwenye gitaa kavu. Sikubaliani. Kama kinachokukosesha usingizi ni solo za Mbaraka Mwinshehe, nunua la umeme. Nyuzi zake ni nyembamba na hazichoshi vidole. Usisahau tu kwamba bei ya amplifaya ni juu yako pia. Besi ina nyuzi nne nene, na anayeipenda hujijua mapema.

Sasa ukaguzi, nao unaanzia kwenye shingo. Liinue gitaa usawa wa jicho, fumba jicho moja, utazame kutoka kichwani hadi kwenye daraja kama seremala anavyokagua ubao. Kubonyea kidogo sana katikati ni kawaida. Shingo iliyojisokota, irudishe bila kujadili bei. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo: ncha za freti, vile vijiti vya chuma, zisikuchome. Kwenye freti ya 12, nyuzi za chuma ziwe juu yake kwa milimita 2 hadi 2.5, za nailoni 3 hadi 4. Zikizidi sana hapo utaumia bure.

Freti hiyo ya 12 ina siri nyingine, kwa kuwa iko katikati ya urefu wa uzi. Gusa uzi juu yake bila kuukandamiza, uupige, uachie: utasikia mlio mwembamba kama wa kengele. Kisha ukandamize hapohapo, upige tena. Sauti zote mbili ziwe noti ileile. Zikitofautiana, gitaa la umeme hurekebishwa kwa skrubu za darajani; kwenye gitaa kavu kazi hiyo ni ngumu, tafuta jingine.

Kwa gitaa kavu, chungulia ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikishuka kutoka juu hadi ndani, huo ni ubao mzima, na sauti yake hukomaa kadiri unavyoupiga. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Si aibu kuanza nayo, mradi usilipie bei ya ubao mzima. Jaribu pia kupenyeza karatasi chini ya daraja. Ikipenya, gundi imeanza kuachia.

Mwisho, mwombe muuzaji alityuni, uliweke chini, uzunguke duka dakika 20. Nyuzi mpya hulegea kidogo, hilo lisikutishe. Rudi, likaze tena, ulicharaze kwa nguvu. Likipotoka tena papo hapo, shika vigingi vya kukazia nyuzi kimoja kimoja uone kipi kinacheza.