Ekari, Hekta na Kamba ya Mita Kumi: Upimaji wa Mashamba Kyela

Mfumo wa metriki, ambao vipimo vyake huongezeka na kupungua kwa makumi, haukukita mizizi sawasawa katika shughuli zote za mkulima wa Kyela. Sokoni kilo imeiondoa ratili, kwa kuwa mizani yenyewe ilibadilishwa na muuzaji hakubakiwa na chombo cha kupimia ratili. Lakini mashambani, Mbugani na kandokando ya Ziwa Nyasa, ekari ingali inatawala, ingawa wataalamu huandika kwa hekta, yaani mita za mraba 10,000.

Ugeni wa hekta hautoshi kuwa sababu, kwani ekari nayo ililetwa na Waingereza, baada ya Wajerumani ambao tayari walikuwa wakitumia metriki. Nguvu ya ekari ni kwamba hupimwa kwa miguu: hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa ya yadi moja, hatua 70 ni mita 64, na eneo linalopatikana, takriban mita za mraba 4,100, linaizidi kidogo tu ekari halisi ya mita za mraba 4,047.

Hatari huingia pale utepe wa mita unapochukua nafasi ya miguu huku namba 70 ikiachwa ilivyo. Shamba la mita 70 kwa 70 lina mita za mraba 4,900, zaidi ya ekari kwa sehemu moja ya tano na ushei, hivyo mfuko wa mbolea wa kilo 50 uliokusudiwa ekari moja hutawanywa hadi kila ekari ikabaki na kilo 41 hivi, na mavuno ya mpunga yanayotajwa kuwa ya ekari moja huonekana makubwa kuliko yalivyo.

Hekta inafaa kujumlishia mashamba ya wilaya nzima, lakini ni kubwa mno kwa mwenye kijaruba. Metriki yenyewe ina kipimo kilichosahaulika bila haki: ari, mraba wa mita 10 kila upande, ambao mia moja yake ndiyo hekta na arobaini yake hukaribia ekari. Kamba ya mita 10 na vigingi vinne vinatosha kuupima, na mfuko ule wa kilo 50 kwa ekari unakuwa kilo moja na robo, au pungufu kidogo, kwa kila ari.