Kitereza na Dawa ya "Kesho"

Katika somo la uandishi wa kubuni, mfano wa kwanza tunaopewa wa mwandishi mwenye shughuli nyingi ni Shaaban Robert. Alikuwa karani wa serikali tangu enzi za ukoloni, na hata hivyo aliacha vitabu zaidi ya ishirini vya nathari na ushairi alipofariki mwaka 1962. Funzo linalotolewa baada ya mfano huo ni kwamba yeye alipata muda, hivyo nasi tupange ratiba na tuache uvivu. Simpingi anayesema hivyo. Hata hivyo, naona kwamba mfano huo unatibu ugonjwa ambao wengi wetu hatuumwi. Katika insha hii nitajadili kitabu kingine, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza. Nitaonyesha kwamba kitabu hicho kinatufundisha jambo la msingi zaidi kuhusu kuahirisha kuandika, yaani namna ya kuanza wakati hujiamini.

Kwanza nieleze hali yetu. Mimi natoka Ankole, magharibi mwa Uganda. Lugha yangu ya kwanza ni Kinyankole, ya shule ni Kiingereza, na Kiswahili nilianza kujifunza kwa dhati nilipofika sekondari. Mchana niko darasani, na jioni niko kwenye kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu hadi saa tatu usiku. Muda ni mchache, lakini upo. Kibandani kuna dakika nyingi ambazo hakuna mteja, na daftari liko mezani. Kinachozuia kalamu ni swali linalokuja kabla ya sentensi ya kwanza: Mswahili wa Unguja au Tanga akisoma hiki, atasema nini? Upatanisho wa ngeli utakuwa sawa? Neno hili ni sanifu au ni la kwetu? Swali likishaingia, mtu hujiambia kwamba atasoma kamusi kidogo kwanza, kisha ataanza kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kesho hiyo ina tabia ya kusogea.

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Katika miaka ya 1950, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere. Kwa hiyo si kweli kwamba sisi ni wageni kabisa katika nyumba hii. Lakini vijijini wazee wengi bado wanakihusisha Kiswahili na askari, na darasani tunakikuta kama mtihani. Mtu aliyekutana na lugha kupitia kalamu nyekundu ya mwalimu huandika akiwa ameishika kalamu hiyo hiyo mkononi. Anasahihisha kabla hajasema. Huko ndiko kuahirisha kwetu kunakoanzia, na ratiba peke yake haiwezi kukumaliza.

Sasa tumwangalie Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akaishi katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa hili hili ambalo sisi tunaliona kutoka Entebbe. Alisomeshwa na wamisionari. Padri Almas Simard kutoka Kanada alimhimiza aandike, naye akaandika riwaya ndefu juu ya maisha ya Wakerewe kabla ya ukoloni. Aliimaliza mwaka 1945, na aliiandika kwa Kikerewe. Wachapishaji hawakuitaka kwa sababu wasomaji wa lugha hiyo walikuwa wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, na mwaka uliofuata Kitereza akafariki kabla nakala hazijamfikia.

Hadithi yenyewe ni rahisi kuisimulia. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya mke, na wazazi wake wanamchukua na kumrudisha kwao. Myombekere anaambiwa kwamba akimtaka mkewe lazima apeleke pombe ya ndizi kwa wakwe. Anahangaika mpaka inapatikana, mke anarudi, wanatafuta mganga, na hatimaye wanapata watoto wawili, Ntulanalwo na Bulihwali.

Msomaji anayesubiri kuona kama Myombekere atampata mkewe hukutana na jambo la ajabu. Mwandishi hana haraka. Anaeleza namna pombe inavyotengenezwa, na namna watu wanavyosalimiana, kula, kulima, kuwinda na kutibiana. Wapo wenzangu wanaosema kwamba hiyo ni ethnografia iliyovaa nguo za riwaya, na kwamba mhariri angeweza kuipunguza. Hoja yao ina uzito. Ukikisoma kitabu hiki kwa kipimo cha riwaya za Euphrase Kezilahabi, mwenzake wa kisiwa hicho hicho, kinaonekana kizito. *Rosa Mistika*, iliyotoka mwaka 1971, inakwenda kwa kasi ya basi. *Myombekere* inakwenda kwa kasi ya mtu anayetembea akisimama kila mlangoni kusalimia.

Lakini ukiisoma kwa jicho la mtu anayeogopa kuandika, sehemu hizo ndefu zina jibu. Nichukue mfano wa pombe. Kwetu Ankole pombe ya ndizi inaitwa *tonto*, na babu yangu anaitengeneza hadi leo. Ndizi huivishwa, humenywa, na hukamuliwa pamoja na majani. Maji yake huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha huachwa yachachuke. Kila hatua ina wakati wake, na ukiruka moja utapata uchachu usionyweka. Mtu anayeieleza kazi hii hajiulizi kama ana kipaji. Anajiulia kitu kimoja tu: baada ya hatua hii inafuata nini? Shaka hukaa kwenye swali la "mimi ni nani hata niandike?" Haina pa kukaa kwenye swali la "baada ya kukamua, tunafanya nini?" Jibu la swali hili analo yeyote aliyewahi kusimama karibu na mtumbwi wa kukamulia.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo palipo nguvu ya Kitereza. Ukurasa baada ya ukurasa, anaandika kile ambacho mikono ya watu wake inakijua. Uhakika wake hautoki kwenye mtindo, unatoka kwenye kazi. Na kwa kuwa uhakika wa kazi upo, mtindo unakuja nyuma yake polepole. Salamu ndefu za wahusika wake, ambazo zinawachosha wasomaji wengine, zinabeba heshima, hasira iliyofichwa na ombi lisilotamkwa. Myombekere akiwasalimu wakwe waliomchukulia mke, salamu ile ni mazungumzo ya amani. Sidhani kwamba Kitereza alifika hapo kwa kutafuta mbinu. Alifika kwa kukataa kuruka hatua.

Kuna jambo la pili. Aliandika kwanza kwa Kikerewe. Kikerewe na Kinyankole ni ndugu wa karibu, na majina ya watoto wale wawili niliyaelewa bila kuuliza mtu. Ntulanalwo ni anayeishi nacho, yaani kifo. Bulihwali ni swali: huzuni itakwisha lini? Majina kama haya huwezi kuyabuni ukiwa umekaa na kamusi ya Kiswahili sanifu. Yanatoka katika nyumba ambamo watu wamezika watoto. Kitereza na mkewe walifiwa na watoto wao wote. Aliyaweka kwanza katika lugha iliyoyabeba, kisha akayavusha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwao kwanza, na alipokuja kucheza kwetu sote alikuwa na ngoma kamili mkononi.

Wako watakaonijibu kwamba mfano huu unanipinga. Kutoka mwaka 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Je, huyu si baba wa wacheleweshaji wote? Hapana, na tofauti hii ni muhimu kwetu. Kuna ucheleweshaji ulio mikononi mwa mwandishi na kuna ucheleweshaji ulio mikononi mwa wengine. Miaka ile 35 haikuwa ya Kitereza kukosa kuandika, ilikuwa ya wachapishaji kukosa kuchapisha. Alipoona mlango wa Kikerewe umefungwa hakukaa kizingitini. Alirudi kwenye kurasa zote na kuziandika upya kwa lugha nyingine, katika umri ambao wengi wanasubiri kuletewa chai. Wanafunzi tunazichanganya aina hizi mbili kila siku. Tunasema, "Hata nikiandika, nani hapa Uganda atachapisha Kiswahili?" Swali hilo ni la kweli, lakini ni la ucheleweshaji wa pili. Tunalitumia kuufunika ule wa kwanza. Mchapishaji hawezi kukataa mswada ambao haupo.

Hata mhusika wake anatufundisha hivyo. Myombekere anapoanza kutafuta ndizi za pombe ya wakwe, hana hakika kwamba mkewe akirudi watapata mtoto. Anachokijua ni kwamba pombe inatakiwa. Anafanya kilicho mbele yake. Mtoto, ambaye ndiye hofu yake kubwa, anabaki kuwa jambo la mbele ya safari. Sisi hufanya kinyume. Tunataka kwanza tuhakikishiwe mtoto, yaani kitabu kizuri chenye sifa, ndipo tuende kutafuta ndizi.

Sitaki kueleweka kwamba usanifu hauna maana. Kiswahili cha Kitereza kina alama za Kikerewe, na kuna mahali msomaji wa pwani au wa Nairobi atasimama akijiuliza maana. Mhariri anahitajika, kamusi inahitajika, na mwalimu mwenye kalamu nyekundu anahitajika pia. Swali ni lini waingie. Kitereza alikuwa na kitabu kizima mezani kabla ya kuanza kukivusha kwenda Kiswahili. Sisi tunamwita msahihishaji kukiwa na sentensi moja tu, tena nusu. Hakuna sentensi inayoweza kujitetea ikiwa peke yake.

Kutokana na usomaji huu, nimejiwekea utaratibu ambao wenzangu wanaweza kuupima. Ninapokuwa kibandani na daftari, siandiki kuhusu mapenzi au siasa. Ninaandika kazi moja ninayoijua, hatua kwa hatua: namna ya kumgundua mteja anayetaka kukutapeli kwa ujumbe wa uongo wa simu, namna mama anavyopanga ndizi sokoni ili zilizochubuka zisionekane, namna babu anavyoonja *tonto* na kujua kwamba bado siku moja. Neno la Kiswahili likikosekana, naweka la Kinyankole na kuendelea. Kalamu nyekundu naiita Jumamosi, nikiwa na kurasa za kutosha kumpa kazi. Baada ya majuma machache niligundua kwamba ndani ya zile hatua za kazi kulikuwa na watu, na watu hao walikuwa wameanza kuzungumza. Mteja tapeli alikuwa na mama mgonjwa. Babu alikuwa anaonja pombe akiwa na wasiwasi juu ya mgeni atakayekuja kuinywa.

Uganda inaweza kupitisha sheria nyingi kuhusu Kiswahili, lakini fasihi ya Kiswahili ya Uganda haitaandikwa na sheria. Itaandikwa na watu wenye lugha tatu kichwani, kazi ya jioni na hofu kidogo kifuani. Kitereza alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo, ng'ambo tu ya maji. Kwa hiyo ninapendekeza kwamba walimu wetu, wakishatutolea mfano wa Shaaban Robert aliyepata muda, watupe na huu wa mzee wa Ukerewe aliyeanza na alichokijua. Na mwenzangu unayesoma huku daftari lako likiwa tupu, usijiulize leo kama wewe ni mwandishi. Jiulize ni kazi gani unayoijua vizuri kuliko mtu aliyekaa jirani yako, kisha andika hatua yake ya kwanza.