Gari la Shabiki na Mwenye Nembo

Upo ufundi ambao sisi wazee tumezoea kuupita bila kuutazama, tukidhani ni mambo ya watoto. Nasema juu ya magari yanayoundwa na mashabiki wa michezo ya kompyuta ya mashindano ya magari. Kampuni huuza mchezo ukiwa na magari yake. Kisha shabiki, ambaye halipwi na mtu, hukaa chumbani mwake akaunda gari jingine ambalo kampuni haikulitia, akaliingiza mchezoni na kuwagawia wenzake. Mchezo wa rFactor wa mwaka 2005 uliachwa wazi kwa makusudi ili jambo hilo liwezekane. Assetto Corsa, kazi ya Waitalia wa Kunos Simulazioni iliyotoka rasmi mwaka 2014, umeishi miaka mingi kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mikono ya watu kama hao.

Mjukuu wangu alinionyesha gari mojawapo. Nilistaajabia mishono ya viti na mishale ya saa za dashibodi iliyokuwa ikitikisika. Nikamwuliza ni nani aliyelitengeneza. Alinitajia jina la kiwanda. La fundi hakulijua.

Kwa nini watu wajitwike kazi hiyo? Mfano ulio wazi ni Porsche. Kuanzia mwaka 2000 hadi mwisho wa 2016 kampuni ya Electronic Arts ilikuwa imejichukulia peke yake haki ya kuyatia magari ya Porsche katika michezo. Wengine waliotaka kuwa nayo iliwabidi wabishe hodi kwake, au watafute njia ya pembeni. Mchezo mashuhuri wa Gran Turismo ulitumia magari ya RUF, watengenezaji wadogo wa Kijerumani wanaoyajenga magari yao juu ya maungo ya Porsche. Mtu mwenye mchezo mwingine, na mwenye mapenzi na gari lile, alikuwa na njia moja tu: kuliunda mwenyewe. Pengo hilo lilichimbwa na mkataba wa wafanyabiashara wawili, na mashabiki ndio waliolijaza.

Sasa tuje kwenye sheria. Kuna hukumu moja ya Marekani ambayo kila mwenye kuunda gari la kompyuta angefaa kuisoma, ingawa haikuhusu mchezo wala shabiki. Kampuni ya Meshwerks ilipewa kazi ya kuunda sanamu za kompyuta za magari ya Toyota kwa ajili ya matangazo. Mafundi wake walilifunika kila gari kwa utepe uliopitana kama wavu, wakapitisha mkono wa kupimia uliounganishwa na kompyuta juu ya kila makutano ya wavu huo. Lakini magurudumu, taa za mbele, vitasa vya milango na nembo yenyewe havikupimika sawasawa; hivyo viliundwa kwa jicho, kwa kutazama picha. Kila gari lilikula saa 80 hadi 100 za kazi ya mkono, na kwa maelezo ya mafundi hao takriban asilimia 90 ya nukta za sanamu iliyokamilika zilitokana na mkono wa mtu, si kipimo cha mashine. Sanamu zilipotumiwa tena kwa matangazo mengine, Meshwerks walidai hakimiliki. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa, kwa kalamu ya Jaji Neil Gorsuch, iliwanyima: sanamu hazikuonyesha kitu isipokuwa Toyota kama zilivyo, na jasho peke yake halizai hakimiliki.

Kama sheria, naikubali hukumu hiyo. Lau wa kwanza kulinakili gari angelimiliki umbo la nakala, wa pili angekatazwa kulinakili vilevile. Kama uhakiki, naiona finyu. Kwa miaka mingi chuoni nilisahihisha ramani ambazo wanachuo walizichora kuwa zana za kufundishia. Hakuna aliyepata alama kwa kubuni pwani mpya ya Afrika. Usahihi ndio uliokuwa sifa. Hata hivyo, ningeweza kukuambia ramani hii ni ya nani kabla sijasoma jina. Mkono wa mtu hubaki hata pale anapojitahidi kuuficha.

Tazama basi mtego alimo shabiki. Kadiri gari lake linavyofanana na la kweli, ndivyo anavyokosa dai la kuwa mwenye kazi yake. Na kwa kufanana huko huko, mwenye alama ya biashara hupata sababu ya kumwandikia barua ya kumtaka aondoe nembo, jina, au gari zima.

Mtu ataniambia kwamba mahakama zimeshawatetea watumiaji wa magari michezoni. Ni kweli. AM General, watengenezaji wa Humvee, waliishtaki Activision mwaka 2017 kwa kulitumia gari lao katika michezo ya vita, na mwaka 2020 wakashindwa. Jaji aliona kuwa uhalisi ni shabaha halali ya sanaa. Lakini Activision ilibishana mahakamani zaidi ya miaka miwili. Kijana mwenye kompyuta moja hawezi kubishana hata wiki mbili. Akipata barua hulifuta gari usiku uleule, na jambo hilo haliandikwi katika kitabu chochote cha kesi.

Hata pale kazi za mashabiki zilipofika mahakamani, wenyewe hawakuwamo. Watengenezaji wa Duke Nukem 3D waliwaruhusu wachezaji kuunda hatua mpya na kuzigawa, ila wasiuze. Kampuni ya Micro Star ikazikusanya hatua 300, ikaziuza katika diski. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa iliamua dhidi ya Micro Star, na kwa haki. Walalamikaji na washtakiwa walikuwa makampuni. Waliotoa jasho lao katika hatua zile 300 hawakuwa na kiti. Lakini ruhusa ile, unda, gawa, usiuze, naiona ya busara, na sioni kiwanda cha magari kingepoteza gari hata moja kwa kuitoa.

Nisiwapake mashabiki mafuta kwa mgongo wa chupa. Wapo wanaoliuza gari lenye nembo ya mtu mwingine, kisha wakalifunga kwa kufuli la programu ili wenzao wasilinakili. Huo ni uso mkavu. Wapo pia wanaoling'oa gari zima kutoka mchezo wa kampuni nyingine, wakalipandikiza kwenye wao na kuliwekea majina yao. Hao siwatetei. Wakipata barua ya wakili, mimi nitauliza tu kwa nini imechelewa.