Swali, Jibu na Mrejesho: Kulisoma Umbo la Grupu la Walimu

Chukua ujumbe kama huu, ulioingia usiku kwenye grupu la WhatsApp la walimu wa hisabati. Kuna picha ya ukurasa wa daftari, imekatwa juu ili jina la mtoto lisionekane. Chini yake pana maneno machache: "Walimu wenzangu, habari za usiku. Darasa la tatu, wengi wananiletea hivi. Nianzie wapi?" Kwenye daftari imeandikwa 402 – 167 = 365.

Nguvu ya ujumbe huu iko kwenye mpangilio wake. Picha imetangulia, maelezo yamefuata, na hukumu haipo kabisa. Mwalimu hakusema watoto wake wagumu. Ameweka kosa mezani jinsi lilivyo, na anayelitazama kwa utulivu anaona kwamba mtoto hakubahatisha: katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, 7 kutoa 2, 6 kutoa 0, 4 kutoa 1. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu. Hata swali la mwisho limepimwa vizuri. "Nianzie wapi?" ni swali la mtu aliye kazini, na linamwalika mwenzake aingie darasani pamoja naye.

Jibu linalostahili swali hilo hufungwa kwenye ujumbe ule ule, ili lisipotee kati ya salamu na tangazo la msiba. Mara nyingi huja kwa sauti. Mwalimu wa wilaya nyingine anaeleza: funga vijiti kwa mamia na makumi, fungua mia moja upate makumi kumi, kisha kumi moja ulifungue upate mamoja kumi. Sasa yapo mamia 3, makumi 9 na mamoja 12, na jibu ni 235. Sauti hubeba kile ambacho maandishi hukiacha. Unasikia anaposita, anaporudia hatua ya sifuri, na unajua kwamba hapo ndipo watoto wake walipokwama. Hasara yake nayo ni kubwa: baada ya miezi miwili hakuna atakayeipata tena kwa kutafuta neno.

Linganisha na ujumbe wa aina ya pili, ambao ndio mwingi zaidi: faili la andalio la somo au azimio la kazi, tayari kuchapwa, pengine jina la shule nyingine likiwa bado juu. Umbo lake limefungwa. Limejaa majibu wala halina swali, hivyo kinachofuata ni "asante mwalimu" na "nani ana la darasa la nne?" Simlaumu anayeliomba. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Tanzania Januari 2024, mwalimu mwenye vipindi vingi alihitaji kitu cha kushika kesho asubuhi. Hata hivyo faili hupita mikononi mwa mamia ya watu bila wawili kati yao kujuana, na huo sio ushirikiano.

Waswahili tuna historia ya umbo linalolifunga jibu kwenye swali. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi, na katika utamaduni wa kujibizana kwa mashairi wa magazeti yetu anayejibu kwa kawaida hufuata bahari, yaani umbo la shairi, ya aliyeuliza. Sharti hilo la umbo lilimlazimu kusoma swali vizuri kabla ya kujibu. Grupu la simu halimlazimishi mtu chochote. Kinachobaki ni adabu ya wanachama na mkono wa admin.

Ndiyo maana naona mitandao ya walimu inayosimama ni ile iliyoshikana na watu wanaokutana ana kwa ana. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, mradi wa Teachers for Teachers wa Teachers College, Columbia University, uliunganisha mafunzo ya ana kwa ana, walimu kusaidiana wao kwa wao, na ushauri wa walimu wa nchi nyingine kupitia simu. Tanzania nayo ina MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambamo walimu hukaa katika jumuiya za ujifunzaji shuleni kwao. Simu ikiingia hapo inakuta mazungumzo yameshaanza.

Sehemu inayokosekana mara nyingi katika grupu ni ya tatu, mrejesho. Mwalimu wa 402 alipewa vijiti, akaenda darasani, kisha kimya. Je, vilisaidia? Watoto walikwama wapi tena? Bila ujumbe huo, jibu la mwenzake linabaki ushauri mzuri usiopimwa, na aliyejibu hapati cha kujifunza. Admin anayejua kazi yake humuuliza baada ya wiki, mbele ya wote: "Mwalimu, ile kutoa iliishaje?" Kisha huandika swali, njia na matokeo katika aya moja na kuibandika juu, ili mwalimu mpya anayeingia Januari aikute kabla hajaomba faili.